Breki ya Upande Wangu

Jumapili, 3 Machi

Leo nimeshinda chooni karibu mchana kutwa. Tumbo halina neno. Nilikuwa nacheza gemu.

Hata mbele ya karatasi naona haya kuandika. Mwanamume mzima, mwalimu wa udereva, upara umeshaanza kuchungulia, nimekalia ndoo iliyofunikwa, bomba nimelifungulia ili mngurumo wa injini usisikike nje. Na gemu yenyewe si yangu! Ni ya Profesa, binti yangu. Nilimnyang'anya mwenyewe, kwa mkono huu, na hotuba juu. Nilimwambia gemu inaozesha ubongo. Nikamwambia atazame alama zake za hesabu aone ubongo wake umeoza mpaka wapi. Akalia. Kidude nikakifungia kwenye droo ya soksi zangu, nikajiona baba kwelikweli.

Kesho yake nilikiwasha ili nione tu kama bado kina chaji. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Ni mbio za magari. Kioo chake hakizidi kiganja, vitufe huku na huku. Hakuna alama hata moja ya barabarani. Hakuna mtu anayevuka. Ukigonga ukuta unadunda tu unaendelea, gari halipati hata mkwaruzo. Na kwenye kona — hapo ndipo penye utamu wote — hupunguzi mwendo. Unaingia na moto wako, ukifika katikati unagusa breki na kuachia. Gusa-achia. Gari linalala ubavu, linateleza, cheche zinaruka kwenye matairi, halafu linafyatuka mbele kama limepigwa teke. Mimi huyu, ninayeimba kutwa "breki kabla ya kona, kamwe si ndani ya kona!" Wanafunzi wangu wangeniona wangedai ada zao.

Kuna gari moja la zambarau. Linaendeshwa na mashine, najua, hakuna mtu ndani. Lakini linanipita kona ya mwisho kila mara, na nimeshaanza kulichukia kama jirani mbaya.

Mke wangu aligonga mlango akauliza kama nakufa au naendelea. Nikasema tumbo. Akanikorogea maji ya chumvi na sukari. Nimeyanywa yote, yeye kasimama ananiangalia kwa huruma. Ningefanyaje?

Jumatatu, 4 Machi

Mama Mkunga, mwanafunzi wangu, leo kanichekesha. Anasema nikiwa garini ninapiga kelele "Yangu! Yangu!" kama mtoto aliyeshikiwa kikombe chake. Nikamweleza kwamba hiyo ni amri ya Bosi, imeandikwa ukutani ofisini kwa rangi nyekundu. Upande wangu nina breki yangu, na imeunganishwa na ya mwanafunzi. Nikiikanyaga mimi, na ya kwake inashuka chini ya unyayo wake. Asipoambiwa ni ya nani, atadhani ni yeye kakanyaga. Kwa hiyo mwalimu akikanyaga ni lazima aseme kwa sauti: Yangu! Mwaka jana mwenzetu, Mzee wa Kofia, alikanyaga akanyamaza. Bosi alipojua alimwonyesha mlango siku hiyohiyo, na chai yake ikabaki mezani.

"Basi wewe sema tu, mwalimu," akasema. "Ya kwangu nitajua ni yangu."

Huyu mama ndiye aliyemzalisha mke wangu, siku Profesa alipokuja duniani. Siku ile nilianguka mlangoni puu, wakaniwekea mto chini ya kichwa na kuendelea na kazi. Hajalisahau. Kila nikimkemea kuhusu klachi ananiuliza kama leo nitasimama mwenyewe au atafute mto.

Anaendesha vizuri kwa mtu aliyeanza na nywele nyeupe. Mikono yake haina papara. Kituo chao cha afya kimepata gari, na mkuu wa kituo kasema litakuwa la mkunga atakayekuwa na leseni, awafuate waja wazito wa ng'ambo ya mto kabla mambo hayajaharibika. Wako wawili wanaolitaka: yeye, na binti mmoja aliyeajiriwa juzi ambaye leseni anayo tayari. Mkuu anamngoja yeye kwanza kwa heshima ya miaka yake. Mtihani wake ni Ijumaa ya wiki ijayo. Miaka yote amekuwa akiletewa watu wakiwa wamechelewa, anasema, sasa anataka awe yeye wa kuwafikia mapema. Aliposema hivyo hakuwa anatania.

Mchana wengine walienda kula, mimi nikabaki ndani ya Konokono — ndivyo wanafunzi walivyolibatiza gari letu — na kidude mfukoni. Nikacheza mpaka kengele. Jambo la kuchekesha: mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ya kweli kila kona ya gemu! Kidole kikibonyeza, mguu unabonyeza. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilikuwa imekatika. Kona ya duka la vyombo, lami imelowa, na lori fulani lilikuwa limemwaga mchanga. Mama Mkunga alifanya kila kitu sawa. Kapunguza mwendo kabla. Kaweka gia. Usukani kaupeleka taratibu, macho mbele. Mimi pembeni nilikuwa nawaza gari la zambarau. Asubuhi lilikuwa limenipita tena, na nilikuwa najiuliza kama nigusie breki mapema zaidi.

Na mguu ukagusa. Katikati ya kona.

Konokono si gari la gemu. Mkia ulitoka, usukani ukamponyoka, tukaenda mzima-mzima kwenye ndoo na mabeseni aliyoyapanga mwenye duka nje. Yakaruka! Yakabingirika barabarani mengine mpaka upande wa pili, rangi zote. Halafu nguzo. Taa ya mbele ikapasuka na bampa likakunjika. Hakuna aliyeumia, nashukuru, nashukuru sana. Mwenye duka alitoka na kalamu sikioni, akatutazama, akaanza kukimbiza beseni moja la bluu lililokuwa bado linaenda.

Mama Mkunga kashika usukani kwa mikono miwili. Kisha akasema polepole: "Ni mimi. Nimekanyaga breki. Nimeisikia ikishuka."

Mguu wangu ulikuwa bado juu ya pedali. Niliuondoa taratibu, kama mtu anayetoa mkono kwenye mfuko usio wake.

Sikusema Yangu. Mwanzo sikusema kwa kuwa sikujua. Wallahi sikujua, mpaka nilipouona mguu pale ulipo. Baadaye nilijua, na bado sikusema.

Alhamisi, 7 Machi

Bosi kazunguka gari mara nyingi kuliko lilivyostahili. Akaweka kidole kwenye shimo la taa, kama daktari wa meno. Mama Mkunga alikuwa amesimama kando na mkoba wake kifuani.

Bosi akaniuliza: "Mwalimu, ulisema Yangu?"

"Sikusema."

"Hukusema kabisa?"

"Kabisa, bosi. Muulize mwenyewe."

Na yeye akaitikia kwa kichwa — mwalimu hakusema. "Basi ilikuwa yake," Bosi akahitimisha, akaenda kunywa chai.

Nimejibu kweli tupu! Hakuna neno moja la uongo nililotamka. Tangu asubuhi nalirudia hilo kichwani, na kila nikilirudia uso unanishuka zaidi. Kumbe mtu anaweza kudanganya kwa ukweli, na kwa macho makavu, mbele ya mwanamke aliyemwekea mto chini ya kichwa.

Alipokuwa anaondoka alinishika mkono akasema nisijilaumu, mwalimu mzuri hawezi kuwa na mguu ndani ya kiatu cha mwanafunzi. Nikasema "ndiyo, mama". Ndiyo, mama! Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 9 Machi

Profesa kaleta karatasi ya hesabu. Kapanda sana. Aliiweka mezani mbele yangu, akasimama mikono nyuma, hakuomba chochote. Mke wangu akasema, "Baba Profesa, si ulisema akipanda unamrudishia chake? Mpe basi."

Nilisema hadi mwisho wa mwezi. Nikasema tusije tukamharibu kwa haraka. Nikatumia na neno "msimamo".

Ukweli ni kwamba nimebakiza kombe moja, lile la milima ya theluji, na zambarau linaniongoza.

Mtoto akasema "sawa, baba" akaenda kuosha vyombo. Mke wangu alinitazama muda mrefu. Huyu mwanamke hasemi akijua kitu. Anakitunza.

Jioni nilisema naenda kuangalia tairi la baiskeli. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Nikashinda! Kona ya mwisho, gusa-achia, cheche, nikalipita lile zambarau kwa pua. Kioo kikajaa vipande vya rangi vinavyodondoka, muziki, kikombe cha dhahabu kinazunguka. Nikanyanyua ngumi juu. Halafu nikaona kwenye lile tangi kivuli cha mtu mwenye upara, ngumi juu, peke yake.

Sikusikia raha hata kidogo.

Jumatatu, 11 Machi

Nilidhani Mama Mkunga atakuwa kasahau. Mtu aliyeona damu na vilio miaka yote hiyo, atatishwa na ndoo?

Leo hakunitania hata mara moja. Aliketi, akafunga mkanda, akatazama miguu yake. Tukaondoka, anatazama miguu yake. Nikamwambia barabara iko mbele, mama. Akanyanyua macho, akayashusha tena. Tulipofika karibu na kona yoyote alisimamisha gari kabisa, katikati ya njia, watu nyuma wanapiga honi na kumtukana. Yeye anasema "samahani, samahani" na wala hawamsikii.

Nikamwambia apumzike. Tukaegesha chini ya ukuta wa shule ya msingi. Nikampa maji. Nikaanza kumsifu — mikono yake, utulivu wake, nikatia chumvi mpaka mwenyewe nikachoka. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo sasa hivi naliandika huku tumbo linauma kweli, si la uongo.

Usiku wa Ijumaa waliletewa mzazi, mtoto ametanguliza matako. Yeye ndiye anayejulikana kwa watoto wa namna hiyo. Anawapokea kwa mikono yake, hajui idadi. Akanawa, akavaa glavu, akasogea. Akasimama. "Nikajiuliza, mwalimu, kama mguu wangu umeweza kufanya kitu nisichouambia, mkono je? Mguu na mkono si ni vya mtu mmoja?" Akamwachia yule binti mpya. Binti hana uzoefu. Mtoto yuko salama. Mama yake kachanika vibaya, kashonwa mpaka alfajiri.

"Ningekuwa mimi asingechanika," akasema. Hakulia. Alikuwa anavitazama viganja vyake kama amekodishiwa.

Nilifungua mdomo. Najua nilifungua, maana nzi alikaribia kuingia. Nikasema: "Tujaribu tena rivasi."

Rivasi!

Jumanne, 12 Machi

Nimeshindwa. Nilijipanga tangu nyumbani, nikajikaza kisabuni, nikafika, nikamkuta Bosi kwenye simu. Anazungumza na mkuu wa kituo cha afya. Anacheka cheka. Nikasikia "huyo mama yenu ana miguu ya wasiwasi" na "sisi tutamwingiza kwenye mtihani, lakini gari la watu msimpe haraka". Alipokata simu akanikonyeza: tumejikinga, mwalimu, kesho asije akaua mtu wakasema tumemfundisha sisi.

Nikikiri, nafuata njia ya Mzee wa Kofia. Nilimwona wiki iliyopita anauza kadi za simu kwenye kivuli cha benki. Kofia ile ile. Nilipita upande wa pili.

Naogopa. Ndiyo, niandike tu. Naogopa kufukuzwa, na zaidi ya kufukuzwa naogopa kuulizwa kwa nini. Mtu akisema alikuwa amelewa, watu wanamwelewa. Akisema alisinzia, wanamwonea huruma. Mimi nitasema nini?

Jumatano, 13 Machi

Profesa alikuwa anapanga nguo zilizokauka. Akafungua droo ya soksi.

Nimerudi kazini namkuta kaketi kwenye kochi, kidude mkononi, hachezi, anatazama tu. Mke wangu yuko kwenye mashine ya cherehani, anashona kwa kasi ya mtu asiyesikiliza.

"Baba," akasema, "nani amechukua kombe la theluji?"

Nikajitia hamnazo. Nikauliza theluji gani. Cherehani ikasimama.

"Mimi," nikasema.

Nilitegemea apige kelele. Ana haki. Angevunja hata sahani ningemwokotea vipande. Badala yake akasema kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo haiozeshi?"

Sikumwelewa. Akaeleza. Tangu siku ile nilipomhubiria, kila akikosea hesabu alikuwa anadhani ni ubongo wake umeshaoza, basi tena. Alikuwa anasoma hivyo hivyo, anaogopa. Hata alipopanda alidhani ni bahati. Na mimi muda wote huo niko chooni na bomba nimefungulia!

Nikamwomba radhi. Nimemwomba mtoto wangu radhi mara ya kwanza tangu azaliwe, na sikujua niweke wapi mikono. Akanihurumia, nadhani, maana akanisogezea nafasi. "Nionyeshe basi ulivyolipita lile la zambarau." Kumbe na yeye linamtesa.

Nikaketi. Nikacheza. Kona ya kwanza, ya pili.

"Baba, mbona unakanyaga sakafu?"

Nilikirudisha kidude mikononi mwake kama kinaunguza. Mke wangu kanyanyua macho. Nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi mpaka waliponiita kula. Wakati wa kulala mke wangu alisema jambo moja tu, akiwa kanipa mgongo: "Zile ndoo za dukani. Ni wewe." Hakuuliza. Kumbe hilo nalo alikuwa akilitunza.

Alhamisi, 14 Machi

Nimesema. Nimemwambia Mama Mkunga.

Maneno yalinikataa tangu asubuhi, kwa hiyo niliacha kuyatafuta. Tulikuwa tumeegesha uwanjani, injini imezimwa, koni zimetuzunguka. Nikamwambia: "Mama, toa miguu kwenye pedali. Weka kwenye zulia. Sasa tazama breki yako."

Nikakanyaga ya kwangu. Ya kwake ikashuka, peke yake. Nikaachia, ikapanda.

Alikuwa anajua zimeunganishwa, nilishamweleza. Lakini kujua ni kitu kingine na kuona ni kingine. Akaitazama.

"Tena," akasema.

Nikakanyaga. Nikasema: "Yangu." Sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliyemeza ugoro. Nikaachia. Nikakanyaga tena. "Yangu."

"Siku ya ndoo?"

"Yangu."

Nje mwanafunzi wa mwalimu mwingine aliangusha koni, wakacheka huko. Mama Mkunga alinyoosha mguu wake wa kulia, akauzungusha kwenye kifundo, huku na huku, kama anaujaribu kiatu kipya. Kisha akatazama mikono yake. Niliona kitu kinamrudia usoni, na nilitaka kufurahi, lakini alipogeuka kwangu furaha ilikauka.

"Kwa nini ulikanyaga?"

Nikamwambia. Gemu. Ya mtoto. Kona, gusa-achia, cheche, zambarau. Nilisema yote, hata choo, hata maji ya chumvi na sukari. Nilipomaliza masikio yalikuwa yanawaka.

"Gemu," akasema. Alilisema kama anapima uzito wake. "Yule mzazi hawezi kuketi mpaka leo. Anamnyonyesha mtoto akiwa kalala ubavu." Halafu: "Na wewe ulijua tangu siku ile ile."

"Nilijua."

Alifungua mlango akashuka. Akatembea mpaka kwenye ukuta, akasimama huko kanipa mgongo, mkono mmoja ukutani. Nilidhani anaenda zake. Akarudi, akainama dirishani kwangu. Hakunitukana. Hilo ndilo limenimaliza, angenitukana ningelala leo.

"Kesho naingia kwenye mtihani," akasema. "Wewe utakuwa nje na bosi wako. Nikiwa barabarani na mtahini, mwambie. Halafu ampigie mkuu wangu, kama alivyompigia ile siku nyingine; mkuu aliniambia. Nikirudi nikute imeshasemwa. Mimi sitaisema. Si yangu."

Kisha akaketi kwenye usukani, akawasha gari, tukafanya somo. Kona zote. Hakutazama miguu hata mara moja. Hakunisemesha hata mara moja.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la uwanja wa mtihani. Najifanya najaza taarifa za wanafunzi.

Nimemwambia mke wangu asubuhi kwamba huenda leo nikarudi mapema, na si kwa wema. Akanipigia shati pasi upya, lile ambalo lilikuwa limeshapigwa.

Mama Mkunga kaja na sare yake nyeupe, ametoka zamu. Kanisalimu kama anavyosalimiwa mtu wa ofisini. Nilitaka kumuuliza usiku umekwendaje, sikuthubutu. Mtahini akamuuliza yeye: umechoka, mama? Akasema kapokea mapacha, wa pili kageuka kakaa vibaya. "Nikamweka sawa," akasema. Kwa mkono wake. Alisema hivyo akiwa anamtazama mtahini, lakini najua ilikuwa niisikie.

Koni amezimaliza bila kugusa hata moja. Rivasi, sawa. Sasa ametoka barabarani. Mtahini kaketi kwenye kiti changu, miguu yake ipo juu ya pedali zangu. Njia ya mtihani inapita duka la vyombo, na kutoka hapa kona yote inaonekana. Mwenye duka kapanga ndoo zake tena, ila leo kazirudisha nyuma kidogo.

Bosi amefika. Kaketi kando yangu na kikombe chake. Anauliza huyo mama wa ndoo anaendeleaje. Nimesema vizuri. Anasema akifaulu itakuwa miujiza. Nimesema bosi, kuna jambo. Anasema ngoja kwanza tuone kona. Nimengoja. Nimefurahi kungoja, mungu wangu, hata sasa bado nafurahi kungoja!

Naliona gari letu, na taa yake mpya. Linakuja. Kapunguza kabla. Taa za breki zimewaka, zimezimika. Anaingia.

Lori linatokea mbele yake, limekula nusu ya njia yake.

Amepita. Amepita! Hakugusa breki ndani ya kona, kaushikilia usukani tu, kalipisha lori, kanyoosha. Taa nyekundu hazikuwaka. Sasa yuko nyuma ya ukuta wa shule, anazunguka kurudi.

Lakini mguu wangu huku ulikanyaga. Nimekanyaga vumbi la chini ya benchi kwa nguvu zote, kikombe cha Bosi kikamwagika, na kabla sijajizuia nikapiga kelele: "Yangu!"

Bosi anajifuta suruali. Ananitazama. Anauliza, yako nini?

Naandika haya ili macho yapate pa kukaa. Gari limeshatokeza upande wa pili wa ukuta, linakuja langoni, taratibu, indiketa inawaka.

Anauliza tena.